Nyuzi Arobaini kutoka Chara

Niwaambie mapema ili msije mkanisikiliza kwa huruma: mimi Malindi niliiweza. Wako wazee wenzangu hapa Minjila ambao habari zao za kuhamia mjini ni za kuibiwa, kudharauliwa na kurudi nyumbani na ndala zilizokatika. Mimi nilikwenda na cherehani moja ya miguu, nikakaa miaka ishirini na mitatu, nikarudi kwa sababu magoti yalichoka kukanyaga. Mji haukunifukuza. Sasa nimepumzika, na nyinyi vijana mmeamua kwamba mtu asiye na kazi ndiye wa kuulizwa maswali.

Na swali lenu ni moja. Juzi tena mmoja aliyemaliza chuo kule Hola aliegesha pikipiki mlangoni kwangu, akaketi bila kukaribishwa, akasema, "Mzee Jilo, huku hakuna form, hakuna la kufanya. Si nihame tu niende Malindi?" Mombasa anaiogopa, Garsen ameichoka, kwa hiyo anataka mji wa katikati, usio mkubwa wa kummeza wala mdogo wa kumchosha. Nikamuuliza, "Unajua kufanya nini ambacho Malindi hawakijui?" Akacheka, akidhani namtania. Nilikuwa namuuliza kweli, kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa Malindi karibu mwaka mzima kabla sijalijua jibu langu, na nusura nimpoteze mke nikilitafuta.

Nilikuwa fundi wa nguo. Kazi nilifundishwa Garsen na Mzee Athumani, mtu wa Kipini, mfupi, msafi, mwenye kanzu isiyopata doa hata siku ya matope. Alikuwa na duka la ushonaji karibu na soko. Mlangoni hakuning'iniza nguo za kuonyesha kama mafundi wengine. Alining'iniza kibunda cha uzi mnene wa pamba, ule wa kufungia vifurushi.

Uzi ule ndio uliokuwa tepu yetu. Wateja wetu wengi walikuwa akina mama ambao hatukuwaona. Waorma walikuwa huko malishoni na ng'ombe, mwendo wa siku mbili, na hata wangekuwa karibu, mwanamume kumzungushia mke wa mtu tepu kiunoni lilikuwa jambo la kuleta wazee. Wapokomo walikuwa mashambani, na wakati wa kupanda mpunga humtoi mama shambani kwa ajili ya gauni. Kwa hiyo mume, au shemeji, au jirani anayepita mjini, alikata kipande cha uzi pale mlangoni akaenda nacho. Mama alijipima mwenyewe huko huko. Uzi ulirudi na vipimo vyote vya mwili wake, kuanzia ncha moja: hapa mabega, hapa kiuno, hapa kifua, hapa nyonga, na urefu wote ndio urefu wa nguo. Namkumbuka mfugaji mmoja aliyekuwa akija kila baada ya Ramadhani, akiuweka uzi mezani kama mtu anayeweka yai. "Fundi, hii uzi ya mama watoto. Shona dera mbili. Moja ya kwenda arusi, moja ya kukaa." Mkewe nilimshonea miaka tisa na sikuwahi kumtia machoni.

Sasa sikilizeni, hapa pana ufundi. Alama kwenye uzi haiwekwi kwa kuupiga uzi wenyewe fundo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo Mzee Athumani aliniita kwa Kiswahili chake cha Kipini, "Jilo, ndoo hapa. Fungua mato. Fundo lala uzi. Ukipiga mafundo matano ushamuibia mtu nguo." Alisema kweli. Kila fundo hula upana wa kidole. Kwa hiyo alama ilifungwa kwa kijiuzi chembamba cha rangi juu ya ule mnene: cheupe mabega, cheusi kiuno, chekundu kifua, cha kijani nyonga. Na rangi zile zilikuwa na sababu. Wakati mmoja nilipokea uzi wa mama wa Chewele, nikaona cheusi kimekaa mbali kuliko chekundu, kiuno kikubwa kuliko kifua. Nikasema mama huyu amekosea kufunga, nikabadilisha. Nguo ilirudi baada ya wiki mbili na salamu kwamba mama ana mimba ya miezi saba na anauliza kama fundi amewahi kuona mjamzito.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa suruali yangu ya kwanza, niliyoshona Mzee Athumani akiwa amekwenda kusali Ijumaa. Nilitia zipu nyuma. Mwenyewe, karani mmoja mpole, aliivaa bila kuitazama vizuri, akatoka nayo mpaka sokoni. Tangu siku hiyo Garsen nzima iliniita Zipu Nyuma. Nilioa nikiwa Zipu Nyuma. Nilishona sare za shule tatu, nguo za maharusi, kanzu za mashekhe na majoho ya wachungaji, na bado watu walinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, "Zipu Nyuma, hujambo!" Huo ndio ubaya wa mji mdogo ambao hamuusemi. Mnasema hakuna kazi. Kazi ipo. Lakini ukikosea mara moja, kosa lako hupewa nyumba na kiwanja, nalo hukaa pale kukusubiri kila asubuhi.

Mzee Athumani alipofariki nilitaka kuondoka. Sababu zilikuwa nyingi, mafuriko, stima ya kukatika, sindano za cherehani kuagizwa na kusubiriwa wiki, lakini wacha niseme ukweli: nilitaka kufika mahali ambapo hakuna anayenijua. Na mwanetu Buya alikuwa na pumu, kifua kikimbana tunahangaika kutafuta gari.

Salome, mke wangu, hakutaka. Alikuwa na shamba lake la mpunga na migomba yake kando ya mto, na dada zake watatu walikuwa umbali wa kuitana kwa sauti. Alikubali kwa sharti moja, na alilitamka akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mwaka mmoja, Baba Buya. Mpunga ukipandwa tena huku, na wewe bado umekaa baraza la watu unangoja wateja, mimi narudi mtoni na mtoto. Wewe utachagua kama unarudi na sisi ama unabaki."

Salome hakuwa mtu wa kutisha bure. Nilijua nina misimu miwili tu ya mvua.

Malindi nilipata nafasi kwenye baraza la duka la vitambaa la Bi Zuhura, mwanamke wa mjini hasa, mwenye miwani ya kamba na ulimi usio na breki. Alinitazama mimi, akaitazama cherehani, akasema, "Hapo barazani pana nafasi ya cherehani moja na mtu mkimya." Nikanyamaza ili kumwonyesha kwamba naweza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama aliyetaka gauni la sikukuu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, kama tulivyowapima kwa macho Garsen akina mama waliokuja wenyewe, nikamwambia ageuke taratibu, nikaandika vipimo kwenye daftari. Akangoja. Nikamwambia aje Alhamisi.

"Alhamisi ya nini? Mbona hujanipima?"

"Nimeshakupima, mama."

"Wewe wanitumbulia macho tu, kisha wasema umenipima?"

Akaingia dukani kunishtaki. Bi Zuhura akatoka, akanivulia miwani. "Fundi wa Tana, hapa mteja asipoguswa na tepu aona hakuhudumiwa. Kanunue tepu." Nikanunua. Tangu hapo niliwapima kwa tepu ili waridhike, na kwa macho ili nguo ikae. Nawaambia tu: ukienda mji wa watu usiwalazimishe wakubali njia yako siku ya kwanza. Ifiche, itumie chini chini, ungoje.

Lakini kungoja kulikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa unakuja. Miezi ilikwenda. Kazi niliyopata ni kufupisha suruali za wanafunzi, kubadilisha zipu, kutia viraka. Mji ule ulikuwa na mafundi wazuri kila pembe, na wateja wake walikuwa wajuaji. Anakuletea picha, unashona kama picha, anakuja anasema alibadilisha mawazo. Nilijifunza mengi, sikatai. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, niliishika kwa mara ya kwanza pale. Kola ya shati nilifikiri naijua, kumbe nilikuwa nabahatisha. Sindano ikivunjika unavuka barabara na kununua nyingine, chai haijapoa. Na Buya alipobanwa kifua tulimbeba kwa miguu hadi hospitali, akarudi siku hiyo hiyo anacheka. Usiku huo Salome hakusema neno juu ya kurudi, nami nikaanza kutumaini.

Kesho yake akaenda kununua ndizi. Mwanamke aliyezaliwa kati ya migomba, ambaye kwao ndizi hupewa mgeni bila kuhesabiwa, alirudi na ndizi nne mkononi, akazitazama kwa muda mrefu, akaziweka mezani. "Jirani wetu wa ukuta huu," akasema, "miezi minne sasa. Jina lake silijui, na mimi hanijui. Nikifa hapa, Jilo, atasema kumekuwa kimya." Mji uliokuwa mzuri kwangu kwa sababu haunijui ulikuwa mbaya kwake kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi wetu wa kumi na moja pale nilimwona ameanza kukunja nguo zake na za Buya katika begi la bluu. Zangu alikuwa amezitenga. Hakuficha, hakugomba. Moyo uliniuma kuliko kama angenipigia kelele.

Wiki hiyo hiyo kondakta wa basi la kutoka Garsen aliniletea kifurushi. Ndani yake mlikuwa na nyuzi arobaini, kila mmoja umefungwa kikaratasi chenye jina, na barua ya Mama Rebeka, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Chara. Alikuwa mteja wangu tangu enzi za Mzee Athumani, mwanamke mrefu, mnene, mwenye sauti ya kuvusha mto. Kikundi chao kilikuwa kimepata mashine ya kukoboa mpunga, yao wenyewe, baada ya kutwanga miaka yote. Aliandika: "Siku ya kuifungua tunataka tufanane sote, Wakristo kwa Waislamu. Mafundi wa hapa wanataka tuje kupimwa, na maji yamejaa. Wewe unajua uzi. Usituangushe."

Nilimsomea Salome barua ile mara mbili. Nguo arobaini! Hakuna fundi wa mtaa ule aliyekuwa na kazi kama hiyo. Salome akasema tu, "Shona kwanza." Begi lilibaki mlangoni.

Kitambaa walichokichagua kilikuwa cha zambarau chenye maua meupe, na Bi Zuhura alikuwa amebakiwa na majora ya kutosha nguo arobaini kwa vipimo vya nyuzi zile, basi, zaidi hayapo. Nikaanza kukata. Na hapa ndipo mtajua jinsi mjini kunavyomgeuza mtu. Niliushika uzi wa Mama Rebeka, nikaupima, nikasema moyoni: huyu mama amekonda. Nikashika wa pili, ninayemjua vizuri. Naye amekonda. Wa tatu, wa nne. Nikakumbuka barua imetaja maji. Nikajiambia, mafuriko haya yamewatesa, mashamba yamezama, akina mama hawali. Nawaapia, niliwaonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Nilikata nguo ishirini na mbili za wanawake waliokonda, huku nikiwaombea Mungu.

Siku nane kabla ya sherehe, Mama Rebeka alikuja Malindi kutafuta mkanda wa mashine. Nilimsikia kabla sijamwona. Kisha akageuza kona, akaja barazani, mnene vile vile, pengine ameongezeka kidogo, amebeba mkungu wa ndizi wa kuniletea.

"Fundi! Hebu nione yangu."

Ilikuwa kati ya zile tano nilizokwisha kushona. Akaingia nayo nyuma ya pazia dukani. Tukangoja. Tukasikia anahema. Kisha akatoka, nguo imenasa mabegani, mikono imesimama juu kama mtu aliyekamatwa.

"Jilo," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "umenishonea mimi ama umemshonea mtoto wangu?"

Nilimtoa ndani ya nguo ile kwa msaada wa Bi Zuhura. Nikauchukua uzi wake, nikamwomba Bi Zuhura ampime nao hapo hapo. Haukufika. Mabegani haukufika, kifuani haukufika, popote haukufika. Uzi hausemi uongo, na huu ulikuwa unasema.

"Mama Rebeka, nyuzi hizi zilipita wapi?"

"Zilipita mtoni, kama watu wote. Si nilikuandikia maji yamejaa?"

"Zililowa?"

"Aa, hiyo ni kitu kidogo. Mtumbwi uliinama pale kwenye mkondo, kifurushi kikaingia maji. Lakini tulizianika kwa bati mpaka zikakauka kabisa. Na vile vikaratasi nikaviandika upya, ndio usione uchafu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya baraza. Uzi wa pamba mpya ukilowa na kukauka, hujikunja ukafupika. Kitoto cha fundi wa Garsen kinajua hilo. Kila msimu wa mafuriko Mzee Athumani hakupokea uzi wowote bila kuuliza kwanza, kabla hata ya salamu, "Ulilowa?" Mimi mwenyewe niliuliza swali hilo miaka kumi na moja. Mwaka mmoja Malindi, mwaka mmoja tu wa barabara kavu na tepu shingoni, nalo likanitoka kichwani. Mkitaka kujua hasara ya kuhama, hiyo ndiyo kubwa. Kodi utaizoea, na maji ya kununua utayazoea. Lakini mji hukusahaulisha kitu kimoja kimoja bila wewe kuhisi, na utakijua siku unapokihitaji.

Salome alikuwa amefika kunipa chakula, akayasikia yote. Akanitazama pale chini. Nilidhani atasema, basi, tuondoke. Akasema, "Mama Rebeka, uzi kama huu uko nao?"

Mama Rebeka alikuwa nao, kipande cha kibunda kile kile walichokatia nyuzi zao, amefungia mkungu wa ndizi. Mimi nikaona anachokiona mke wangu, nikasimama. Tukakikata kipande kikavu ambacho hakijaonja maji, nikakipima: dhiraa mbili kamili, ile dhiraa ya kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Tukakitia ndani ya ndoo. Tukakianika juu ya bati la moto la jua la Malindi. Watu wazima wanne tukasimama kwenye baraza tukingoja uzi ukauke, na mpita njia mmoja akauliza kama tumefiwa.

Ulipokauka nikaupima tena. Ulikuwa umepoteza vidole vinne. Nikaurudia kwa kipande cha pili, jibu likawa lile lile. Vidole viwili kwa kila dhiraa! Nilipiga kelele hapo barazani, sioni haya kusema. Nyuzi zile hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zimejikunja zote sawasawa, na mwili wa kila mama ulikuwa bado umo ndani yake, unahitaji tu kurudishiwa vidole vyake.

Ilibaki taabu moja. Ishirini na mbili zilikuwa zimekwisha kukatwa ndogo, na kitambaa kilichosalia hakikutosha kumi na nane kubwa. Bi Zuhura akaingia dukani, akatoka na jora la kijani kibichi lililokuwa limejaa vumbi. "Hili miaka miwili lanichosha macho. Litie." Nikaona mara moja: ukanda wa kijani kutoka begani hadi chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma, na mwingine kuzunguka pindo. Upana utapatikana, mabega yatapatikana, urefu utapatikana.

Mama Rebeka uso ukamwanguka. "Tutavaa viraka, Jilo? Siku yetu?"

"Kikiwa kwako peke yako, ndiyo, ni kiraka," nikamwambia. "Wote arobaini wakiwa nacho, ni mtindo. Nitatia kwa kila mmoja, hata mwembamba wenu."

Akautandaza ukanda wa kijani juu ya zambarau, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. "Kama mpunga unavyoota kwa maji," akasema. "Haya. Shona."

Siku saba tulishona kuanzia jua linachomoza hadi linazama. Mimi nilikanyaga, Bi Zuhura aliacha duka lake akakata kanda, na Salome alishika pasi ya makaa na sindano ya mkono. Kisha nikagundua kwamba anafanya zaidi ya hapo. Alikuwa anawajua wale wanawake, na habari zao mpya alikuwa amemuuliza Mama Rebeka. Ananyanyua uzi, anasoma jina, anasema, "Huyu amejifungua juzi, kifua ongeza. Huyu hutembea kwa hatua kubwa, pindo lisimbane." Nilimtazama mke wangu akiwashonea watu wa kwao katikati ya mji asioupenda, akiimba, na nilifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, maana begi la bluu lilikuwa bado mlangoni na mpunga ulikuwa tayari unapandwa.

Mkiuliza basi ninachojibu ni hiki. Nendeni. Mji wa katikati una mlango mpana kuliko mnavyofikiri, na wageni wake wengi hushindwa kwa sababu huingia mikono mitupu, wakitaka kuwa kama wenyeji, na wenyeji tayari wapo. Mimi niliwekwa mjini na kile nilichotaka kukikimbia. Malindi ilinipa ovaloki, jora la Bi Zuhura na hospitali ya Buya. Garsen ilinipa uzi. Chochote kati ya hivyo kingekosekana, nguo zile zisingekuwapo.

Tulipanda basi mimi, Salome na Buya, na nguo arobaini ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Salome alibeba begi lake. Kwenye mtumbwi niliukalia mfuko, nikakataa kuinuka hata mpiga kasia aliponiambia nazuia mkono wake.

Chara walizificha nguo ndani ya nyumba moja kubwa na wanawake wakaingia kuvaa. Nilikaa nje nimeinamisha kichwa. Nilisikia kicheko, kisha vigelegele ambavyo naamini Kipini walivisikia. Wakatoka. Zambarau na kijani, arobaini, vikongwe na wasichana, wenye ushungi na wasio nao, na hapakuwa na mmoja aliyebanwa. Mmoja tu gauni lilimzidi kidogo, akasema atalijaza mwezi ujao. Mama Rebeka akatangulia mbele yao hadi kwenye mashine, akauvuta mshipi wa kuiwashia, mashine ikakohoa, ikanguruma, na mchele mweupe ukaanza kumwagika juu ya turubai. Vikongwe waliotwanga maisha yao yote waliuchota kwa viganja, wakautazama, wakalia. Nami nililia. Sikumsikia mtu yeyote akiniita Zipu Nyuma siku ile, na walikuwapo watu wa Garsen wengi.

Baada ya chakula walinizunguka. Kikundi cha Minjila kilitaka ule ule mtindo wa Chara, lakini ukanda uwe wa njano. Mama mmoja wa Kipini alikuwa na arusi. Wawili wa Garsen wakataka sare za shule. Wote wanasema kwa pamoja, wananivuta mikono ya shati, na swali likawa moja.

"Fundi, sasa wewe tutakupata wapi? Umerudi ama uko huko?"

Dada zake Salome walikuwa wamemzunguka, Buya yuko mtoni na binamu zake, begi la bluu liko miguuni pake. Lile neno halikuwa langu kulisema. Nilimtazama tu.

Salome alinitazama, kisha akawatazama wale wanawake, na zile nguo. Akainama, akaliinua begi, akamtwika mpiga kasia.

"Malindi," akasema. "Barazani kwa Bi Zuhura, mkabala na msikiti. Mimi na huyu tuko hapo kila siku. Na mkituma nyuzi, zifungieni ndani ya nailoni. Mimi ndiye nitakayezipokea."